Mwalimu Breki Ahamia Kiti cha Nyuma

"Mume wangu! Kumbe na wewe uko huku?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji. Mlango wa ofisi ya bima umefunguka, mke wa Mwalimu Breki amesimama kizingitini na mkoba wake kwapani, na Mwalimu Breki mwenyewe ameshika karatasi ambayo, kama angepata glasi ya maji, angeitafuna na kuimeza.

Karatasi ile ilikuwa na habari moja. Kampuni imekubali kulikatia bima gari la shule yake ya udereva, lakini kuna mtu mmoja asiyeruhusiwa kuliendesha. Mtu huyo ni yeye, kwa sababu ameshtakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa.

Na habari ya mashtaka mkewe haijui. Aliambiwa kwamba usiku ule gari lililala kwa fundi na mume alilala kwa rafiki mgonjwa.

"Nimekuja kuuliza bei," alisema Mwalimu Breki.

"Bei ya nini?"

"Ya bima."

"Bima ya nini?"

"Ya maisha. Nimeona umri unakwenda."

Mkewe alivuta kiti akaketi, akaweka mkoba mapajani. "Umefanya vizuri. Maana maisha yako yako hatarini kweli."

Wakala wa bima, binti aliyejifunza gari kwa Mwalimu huyuhuyu, alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

"Binti yangu, toka huko chini," mke alisema. "Mwonyeshe mahali nilipotia sahihi."

Mwalimu Breki aligeuza karatasi. Chini kabisa, mahali pa mwenye bima, palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu, ileile anayoiona kila siku kwenye risiti za wanafunzi. Sahihi ya mkewe.

"Umejua lini?"

"Asubuhi ileile uliporudi na viatu visivyo na kamba. Nikajiuliza, ni mgonjwa gani huyu anayemvua mgeni kamba za viatu na mkanda wa suruali? Mahali wanapofanya hivyo ni pamoja tu, mahabusu, na huko hakuna vitanda."

"Na ukanyamaza!"

"Nilikuwa nangoja uniambie. Nikangoja, nikangoja. Kisha kaka yangu akaja kula chakula cha mchana, akanimalizia yote kabla hajanawa mikono."

Shemeji! Yule aliyeapa mbele ya Mwalimu kwamba siri hii atazikwa nayo. Ama kweli, gari bovu utalipeleka gereji, lakini mdomo usio na breki utaupeleka wapi?

Wakala aliinuka na kalamu aliyoipata, ingawa haikupotea. "Mwalimu, shikamoo tena. Niseme wazi. Ukihamia kampuni nyingine ukaficha habari ya kesi, siku gari likigonga hawakulipi hata senti, na kugundua watagundua. Ukisema kweli ukabaki dereva, bei inapanda mpaka hamuifikii. Imebaki njia moja. Gari liwe chini ya mama, wewe utolewe mpaka kesi iishe."

"Na nani atafundisha?"

"Mama."

Mwalimu Breki alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Yule cheti chake ni cha ukutani!" alisema. "Shule ilitakiwa iwe na wakufunzi wawili, nikampeleka kozi ili tupate usajili. Kazi yake ni risiti!"

"Kozi niliisoma," mkewe alisema. "Mtihani niliufanya. Nilikupita alama. Ndiyo maana cheti changu ulikitundika nyuma ya mlango."

Wakala alikohoa kidogo. "Kuna sharti, Mwalimu. Usukani, gia, breki, zile pedali za upande wa pili, usiguse chochote. Bima inaanza kesho asubuhi, na mkaguzi wa kampuni atapanda somo zima. Akiona umegusa chombo hata kimoja, inafutwa papo hapo."

Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Shule yenyewe ni ya gari moja. Gari bila bima halitoki getini, na mtihani wa leseni ulikuwa mlangoni. Ng'ambo ya barabara palikuwa na shule nyingine yenye magari mapya, na mwenye shule ile alishaanza kuwasalimu wanafunzi wa Mwalimu kwa majina yao.

"Nisiguse," Mwalimu Breki alisema. "Basi. Kwani nina kichaa cha kugusa?"

Mkewe alimtazama viatu. Mguu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu ya ofisi, taratibu, kama mtu anayeingia kwenye kona.

*

Asubuhi gari lilisimama mbele ya shule, limeoshwa mpaka kibao cha paani kinang'aa.

Mke alifungua mlango wa upande wa pili, upande wa mkufunzi. Pale chini kuna pedali mbili za ziada, na ile ya breki imelika upande mmoja, kwa umbo la soli ya Mwalimu. Aliketi. Miguu haikufika. Akavuta kiti mbele, na kiti, ambacho hakikuwahi kusogezwa tangu kifungwe, kikapiga kelele mpaka barabara nzima ikageuka.

"Utakivunja!" Mwalimu Breki alisema kutoka barazani.

"Kilikuwa kimelala. Nimekiamsha."

Mkaguzi alifika na shati lililopigwa pasi na viatu vyeusi vinavyong'aa kama kioo. Kijana mwembamba, kalamu mbili mfukoni, uso usio na habari. Aliketi nyuma na ubao wake wa kuandikia.

Aliyekuwa na somo ni Mkunga. Mama huyu mwenye mwili na kicheko ameshika watoto wa mji ule kabla ya mama zao kuwashika, wala mkono haujawahi kumtetemeka. Lakini mpe usukani! Kipepeo akipita anafunga breki.

"Mwalimu yuko wapi?" aliuliza.

"Nipo hapa, dada. Leo Mama atakufundisha."

"Hapana. Mimi bila sauti yake siendi popote. Nimezoea kutukanwa na mtu mmoja."

Mke wa Mwalimu alimgeukia mkaguzi. Mkaguzi aliwaza kidogo. "Akae nyuma, pembeni yangu. Mikono magotini."

Ndivyo mtu ambaye nusu ya wanaopigiana honi mjini wamepita mikononi mwake alivyoingia kwenye gari lake kwa mlango wa nyuma, akakunja magoti mpaka kidevuni, akaketi kama mzigo wa mtu mwingine.

Gari likaondoka. Lilirukaruka mara moja, likatulia.

Mwalimu alifungua mdomo apige kelele yake. Mkewe akawahi, kwa sauti ya chini. "Hivyohivyo, dada. Klachi iachie polepole. Mtoto akiwa anatoka, unamvuta?"

"Ah, humvuti! Unampokea."

"Basi ipokee."

Mkunga alicheka, na gia ya pili ikaingia bila kusaga.

Mwalimu Breki alifumba mdomo. Gia ile ilimchukua Mkunga mwezi mzima kuisaga.

"Mzee," mkaguzi alisema.

"Naam, kijana wangu."

"Unakanyaga kiatu changu."

Mwalimu alitazama chini. Kweli. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya kiatu cheusi cha mkaguzi, na kwa sababu mbele kulikuwa na kivuko cha watembea kwa miguu, ulikuwa umekanyaga mpaka mwisho.

"Samahani. Ni mazoea."

"Mguu wako ungekuwa mbele, ningeshaandika."

Mwalimu aliusogeza mguu. Koo likamkauka, kikohozi kikaja. Kilikuwa kikohozi cha kweli, cha wiki nzima, lakini siku ile kilizidi. Akatoa mfukoni kichupa cha kahawia, akapiga funda. Akakohoa. Akapiga jingine, refu.

Mkaguzi alikitazama kichupa, akamtazama yeye.

"Nini hiyo?"

"Dawa ya kifua. Nimeletewa na shemeji yangu."

"Hutumii kijiko?"

"Kijiko ni cha watoto."

Mkaguzi aliandika neno moja. Mwalimu alijaribu kulisoma, lakini ubao uliinamishwa upande wa dirisha.

Mbele, mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Mkunga alisimama mahali pa kusimama. Alitazama vioo. Alimpisha mwenye baiskeli na kumpungia mkono! Kila alipofanya vizuri, Mwalimu Breki alisikia kitu kikimchoma chini ya mbavu, na haikuwa kifua. Alijigeuza huku, akajigeuza kule. Mtu anaweza kuzoea kufukuzwa kazi. Kukaa nyuma akiona kazi inakwenda bila yeye, hilo ni jambo jingine.

"Ingia kushoto hapo," alisema ghafla. "Tupite nyuma ya soko."

"Moja kwa moja," mkewe alisema. "Tunapita mzunguko mkubwa."

"Wanafunzi wangu hatuwapitishi mzunguko mkubwa!"

"Tangu lini?"

Tangu usiku ule wa viatu bila kamba, hilo ndilo lingekuwa jibu la kweli. Kwenye mzunguko mkubwa anasimama yule askari wa trafiki ambaye watu humwita Sajini Kamera, kwa sababu akikuona mara moja amekupiga picha. Ni yeye aliyemkamata. Tangu hapo Mwalimu amekuwa akizungusha wanafunzi vichochoroni, na mtihani wenyewe unafanyika mzungukoni.

"Bila mzunguko watafaulu vipi?" mkewe aliuliza, na swali lile lilimpata kama kofi, maana ndilo alilopaswa kujiuliza mwenyewe.

Walikuwa wanateremka. Sajini Kamera alionekana kule chini, mkono juu, glavu nyeupe. Mwalimu alijishusha kwenye kiti. Mguu ukatafuta breki, ukakuta kiatu.

"Mzee!" mkaguzi alisema, akainama, akatoa kitambaa, akaanza kukifuta kiatu chake.

Ndipo mkokoteni ulipotokea.

Ulitoka kichochoroni umesheheni magodoro, umefungwa kwa kamba moja, na mwenye mkokoteni haonekani, ila miguu yake tu.

"Tulia, dada," mke alisema. "Tunapunguza."

Mwalimu Breki hakusikia. Hakuona gari limeshaanza kupungua mwendo. Aliona magodoro tu.

"BREKI!"

Mkono ulipita katikati ya viti viwili kabla akili haijaupa ruhusa. Ukaishika breki ya mkono. Ukaivuta mpaka juu.

Gari likapiga magoti. Mkokoteni ukapita mbele, salama salimini, wala mwenyewe hakujua.

Halafu nyuma, kwaa!

Gari la kusambaza mikate, lililokuwa linawafuata, lilikuwa limewabusu. Taa ya nyuma ikamwagika barabarani vipandevipande.

Kichupa cha kahawia kilidondoka, kikabingirika mpaka chini ya kiti cha mbele.

Mkaguzi aliinuka na kitambaa mkononi, nywele zimemkaa vibaya. Aliitazama breki ya mkono, imesimama wima kama kidole cha shahidi. Mwalimu alikuwa amesharudisha mikono magotini.

"Nani ameivuta?"

"Mimi," mke wa Mwalimu alisema.

Hakugeuka nyuma. Alisema vile watu wanavyotaja saa.

"Ni yeye," Mkunga alidakia, usukani bado ameukumbatia. "Nimemwona kwa macho yangu haya."

Mwalimu Breki alitazama kisogo cha mkewe. Amemdanganya mwanamke huyu kwa fundi asiyekuwepo na kwa mgonjwa asiyeumwa, na sasa mwanamke huyu anamdanganyia kampuni nzima, bila kupepesa.

Akanyamaza. Ndiyo, msomaji, alinyamaza! Gari limepona, bima imepona. Mwanamume mwenye akili anyamaze.

Lakini mkaguzi hakuwa amemaliza. Alichomoa kalamu ya pili, ile nyekundu.

"Sawa, mama. Basi naandika kwamba mkufunzi amevuta breki ya mkono bila sababu, gari likiwa mteremkoni, akasababisha kugongwa. Bima itabaki. Ila wewe hufai kufundisha, na cheti chako nitapendekeza kisimamishwe."

Mabega ya mke yalishuka kidogo, kama mtu aliyetua ndoo aliyotoka kuijaza.

Kumbe uongo wenyewe haukuwa na faida! Gari lina bima, mwalimu halina. Na zaidi ya hayo, lilikuwa jambo la uongo mtupu, maana Mwalimu Breki, ambaye ameona wakufunzi wa kila aina, alijua kwamba asubuhi ile ameona somo zuri kuliko lolote alilowahi kulitoa yeye. Hilo lilimuuma. Lilimuuma zaidi kuona linaandikwa kinyume, kwa wino mwekundu.

"Futa hiyo," alisema.

"Nyamaza," mkewe alisema.

"Futa, kijana wangu. Mkono ni wangu. Huyu alikuwa ameshapunguza mwendo. Tazama mguu wake, bado uko juu ya pedali. Wangu ndio ulioharibu."

Mkaguzi alichungulia kati ya viti. Mguu wa mama ulikuwa juu ya ile breki iliyolika, umetulia, haujasogea.

"Mzee wewe!" mke aligeuka sasa, macho yanawaka. "Wiki zote hizi kweli imekushinda, leo ndiyo umeikumbuka? Leo!"

"Ungetaka niikumbuke lini?"

"Juzi! Jana! Siku yoyote ambayo sijakuokoa!"

Mkunga alianza kucheka, akajizuia kwa mkono mdomoni.

Mkaguzi alikunja paji la uso. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na habari. "Mzee, nikuambie kitu. Abiria aliyeshtuka akashika breki, hilo naweza kulieleza kwa wakubwa wangu. Watu hushtuka. Lakini mtu mwenye kesi ya ulevi, aliyelewa tena, akashika breki, hilo siwezi. Bima inakufa."

"Hajanywa!" mke alisema. "Tangu usiku ule hajagusa. Hilo ninalijua, kwa sababu namchunguza."

"Mama, amepiga mafunda mawili nikimwona."

Kabla hajajibiwa, dirisha liligongwa. Glavu nyeupe.

Sajini Kamera aliinama, akawapiga picha wote kwa jicho moja, na jicho likaishia kiti cha nyuma.

"Mwalimu! Nilidhani tutaonana mahakamani. Kumbe umeona ni mbali."

"Habari za kazi, Afande."

"Kazi ndiyo hii. Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi," Mkunga alisema.

"Na huyu?"

"Huyu alikuwa anaendeshwa," mke alisema. "Ila mkono wake haukubali."

Mkaguzi alishuka, akajitambulisha. "Afande, una kile kifaa cha kupimia ulevi? Mpime huyu mzee. Kifaa kikisema hana kitu, nitaandika abiria ameshtuka, na bima inaendelea. Kikisema ana kitu, namaliza hapahapa."

"Na mimi nitakuwa na kesi ya pili," Sajini alisema, akafungua mkoba wake.

Mwalimu Breki alishuka taratibu, akanyoosha shati, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu usiku ule. Hatimaye kuna mtihani anaoweza kuufaulu! Pombe hakuionja hata tone. Kama kuna jambo moja alilokuwa na hakika nalo duniani, ni hilo.

"Lete," alisema. "Lete, Afande. Nipulizie wapi?"

Watu wa mikate walishasogea. Mwenye mkokoteni naye alirudi kutazama ajali ambayo hakujua ni yake.

Ndani ya gari, Mkunga aliinama kukipapasa kile kitu kilichokuwa kinamgusa kisigino. Akakitoa. Kichupa cha kahawia, kimebaki robo. Akakisogeza machoni, kwa mazoea ya kazi, akasoma maandishi madogo ya ubavuni.

Kicheko kikafutika usoni mwake.

"Mama Mwalimu," alinong'ona. "Dawa hii nani kamletea?"

"Kaka yangu. Kwa nini?"

"Alimwambia anywe kiasi gani?"

"Dada, kwa nini?"

Mkunga aliweka kidole penye maandishi. "Hii ina kileo. Na si kidogo. Sisi wajawazito hatuwapi hata kijiko."

Mke wa Mwalimu alitazama nje. Sajini alikuwa ameshakishika kifaa mbele ya mdomo wa mumewe. "Vuta pumzi. Jaza kifua. Puliza mpaka nikwambie basi." Na Mwalimu Breki, mikono nyuma, mashavu yamevimba kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa, alikuwa amejaza kifua hasa.

Mke aliupiga mlango kwa bega, akatoa kichwa nje. Mwanamke ambaye tangu asubuhi hakuwa amepaza sauti, sasa aliipaza mpaka magari ya upande wa pili wa mzunguko yakasimama.

"BREKI!"

Lakini pumzi ilikuwa imeshatoka.

Kifaa kikalia mlio mmoja, mwembamba. Sajini Kamera alikigeuzia kwenye mwanga, akakisoma. Akakifuta kwa glavu, akakisoma tena. Kisha, polepole, akavua kofia yake, kama mtu aliyefika msibani.